Marehemu Amesaini Fomu

Nilimpigia marehemu simu saa tatu na robo asubuhi, akapokea.

"Haloo," akasema. Sauti nzito, yenye afya tele, na nyuma yake mtu alikuwa anagonga bati kwa nyundo.

"Naongea na baba wa mwombaji wa kozi ya ufundi wa mashine za hospitali?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Ofisi ya udahili, chuoni. Naomba uje leo na binti yako, kabla ya saa tisa alasiri."

"Kuna tatizo, mama?"

Niliangalia maelezo binafsi ya binti yake yaliyokuwa mbele yangu. Aya ya pili: "Baba yangu mpendwa alifariki dunia mikononi mwangu asubuhi ya mvua kubwa." Tarehe ya kifo imewekwa, mwezi umewekwa, kila kitu. Kisha nikaangalia fomu yenyewe, sehemu ya mzazi au mlezi, ambapo baba huyo huyo mpendwa aliweka saini kwa wino wa bluu siku kumi na mbili baada ya kufariki.

"Dogo tu," nikamwambia. "Njooni tuongee."

Mimi ni mshauri wa udahili. Ndivyo kibao cha mlangoni kinavyosema, na asiyenijua akikisoma anadhani nashinda humu nikiwashauri vijana kuhusu vipaji na ndoto zao. Thubutu! Kazi yangu ni kumwambia mtoto wa watu kwamba picha yake ina ukuta wa kijani na chuo kinataka ukuta wa bluu. Kazi yangu ni kumweleza baba mzima, mwenye mvi, kwamba nakala ya cheti haijagongwa muhuri wa mwanasheria, na kwamba hapana, muhuri wa duka lake la vipuri hauhesabiki. Waombaji wananiita Mama Kiambatisho. Wanadhani sijui. Jina hilo liliandikwa kwenye ukuta wa choo cha wageni, na nawapa haki yao, mwandiko ule ulikuwa mzuri kuliko wa fomu nyingi ninazopokea.

Ofisi yangu ina meza moja, feni moja, viti viwili vya wageni ambapo kimoja ni kizima, na kabati la chuma lisilofunguka mpaka ulipige teke chini upande wa kushoto. Nimelipiga teke miaka kumi na tisa. Dirisha lina nondo na linatazama getini, na ng'ambo ya geti kuna duka la steshenari lenye bango refu: TUNACHAPA, TUNATOA NAKALA, TUNAJAZA FOMU ZA CHUO. Wangeongeza pia: TUNAUA BABA ZENU.

Maana ndiko wanakofia. Na kabla hamjamlaani yule mchapaji, ngoja niwaambie ukweli wote: mauaji haya niliyaanzisha mimi.

Miaka saba iliyopita maelezo binafsi ya waombaji yalikuwa ya kutia huruma. Mtu anapewa ukurasa mzima aeleze kwa nini anataka kusoma, anaandika, "Nataka kusoma kwa sababu elimu ni nzuri." Basi! Amemaliza, ametia saini. Siku moja yakaja ya msichana aliyemuuguza baba yake nyumbani mpaka pumzi ya mwisho, asubuhi ya mvua, na ambaye sasa alitaka kuwa muuguzi ili awe na cha kufanya siku nyingine. Nililia. Nilifuta machozi kwa kitambaa cha meza, kikiwa na vumbi lake. Nikamwomba ruhusa yule msichana, nikaficha jina, nikayabandika kwenye ubao wa matangazo, na juu yake nikaandika kwa kalamu nene: MFANO WA MAELEZO MAZURI.

Mwaka uliofuata walikufa baba kumi na wanane. Mwaka wa pili wakafa sitini. Wote asubuhi, wote kwenye mvua kubwa, wote mikononi. Nikayabandua maelezo yale mbio mbio, lakini wapi, mchapaji alishayapiga picha zamani na kuyaweka kwenye kompyuta yake. Kazi yake ikawa kubadilisha jina, kozi na jinsia, na jinsia wakati mwingine anaisahau. Mwaka juzi nilipokea kijana mwenye ndevu aliyejiita "binti wa pekee wa marehemu."

Mtaniuliza, kwa nini usiwakatae wote? Nilijaribu. Mwaka ule wa baba sitini nilimwita msichana mmoja, nikamkazia macho, nikamwambia alete cheti cha kifo kama kweli baba yake amekufa. Akaondoka. Kesho yake akaja nacho. Kilikuwa halisi, cha wiki tatu, kimekunjwa mara nne. Alikiweka mezani, akasimama akiniangalia, akingoja nikisome. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu habari za baba yake, na kwa kuwa siwezi kumjua aliyefiwa kweli na aliyefiwa steshenari, nikajiwekea utaratibu: ukiwa na marehemu kwenye maelezo yako, nakupa kumi na tano kwa ishirini bila kusoma zaidi. Kumi na tano. Si nyingi mno, si kidogo. Nikaona nimetenda haki, nikawa nalala usingizi mnono.

Basi ningempa na huyu binti wa yule marehemu wa simu kumi na tano yake yakaisha, kama si ile saini. Kwa saini na maelezo kupingana hivyo, kanuni inanilazimu nimwite. Asiporekebisha kabla ya saa ya kufunga, maombi yanafutwa. Na saa ya kufunga ilikuwa saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo.

Walifika saa sita kasorobo. Baba alikuwa mtu mfupi, mpana, amevaa ovaroli iliyooshwa ikakataa kutakata, bisibisi mbili zikichungulia mfukoni. Ni fundi wa mafriji. Binti alikuja nyuma yake, mrefu kumzidi, macho chini, mikono imeshika bahasha kwa nguvu. Huyo alishajua alichoitiwa. Unawaona tu.

"Shikamoo, mama," akasema binti.

"Marahaba. Karibuni. Baba, kaa hicho cha kulia, cha kushoto kitakuangusha." Nikangoja akae. "Na poleni sana na msiba."

Fundi akaniangalia, akamwangalia mwanawe, akarudi kwangu. "Msiba gani tena, mama?"

"Wako."

Nikamsogezea karatasi. Nakiri nilikuwa nafurahia. Baada ya miaka saba ya kusoma vifo, si kila siku maiti inakuja yenyewe na bisibisi mfukoni. Akatoa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Nilimwona alipofika kwenye mvua. Nilimwona alipofika mikononi. Akasoma mpaka chini, akaikunja karatasi, akailaza mezani kwa adabu.

"Nimekufa vizuri," akasema. "Sijasumbua mtu."

"Baba..." binti akaanza.

"Ngoja kwanza. Ugonjwa gani?"

"Haikuandikwa, baba."

"Mtu anakufa bila ugonjwa?"

"Mchapaji alisema maelezo yasiyo na msiba hayapiti. Alisema yote yaliyopita yana msiba. Nikamwambia baba yangu yupo, akasema, sasa unataka chuo au hutaki?" Machozi yakamtoka. "Nikasema nataka."

Pale raha yangu ikaniishia kidogo. Nikakohoa, nikawaeleza kanuni kama ilivyo: maelezo ya uongo, maombi yanafutwa. Nilikuwa nataka kuendelea, niseme lakini bado kuna nafasi ya kurekebisha, fundi akanikata kauli.

"Mama, nisikilize. Matokeo yake ya mtihani yanatimiza miaka mitatu mwaka huu. Nimeambiwa yakishapita miaka mitatu hapa hamyapokei."

"Hatuyapokei."

"Kwa hiyo ni mwaka huu au basi."

"Ni mwaka huu au basi."

Akavua miwani. "Nani mwingine anajua kwamba niko hai?"

"Baba, unasemaje?" nikamuuliza.

"Hapa chuoni. Nani anajua, zaidi yako?"

"Mimi tu."

"Basi hiyo saini andika ni ya mjomba wake. Mimi niache hivyo hivyo. Kama kufa kwangu kunampa nafasi, si kitu, mama. Ni miaka mitatu tu. Akimaliza nitafufuka."

Hakuwa anatania. Nilimtazama nikitafuta utani, sikuuona. Mtu mzima na akili zake timamu alikuwa ananiomba nimwache kaburini kwa ajili ya mwanawe, na alikuwa anaomba kwa unyonge, kama mtu anayeomba aazimwe kalamu. Binti akaangua kilio waziwazi. "Acha, baba, acha!" Mimi nikafungua mtoto wa meza nikajifanya natafuta stepla. Stepla ilikuwa juu ya meza.

"Hakuna anayekufa leo," nikasema. "Na wewe, mwanangu, futa machozi. Chukua kalamu hii. Chukua karatasi. Una saa tatu. Andika mwenyewe, kwa mkono wako."

"Niandike nini, mama?"

"Unataka kozi ya mashine za hospitali. Kwa nini? Usiniambie elimu ni nzuri, nitakutoa nje."

Akavuta kiti kibovu, akakaa nusu ya makalio, akaanza kuandika kwenye pembe ya meza yangu. Fundi alikaa dakika tano, akaanza kuhangaika. Mikono yake haikuzoea kukaa bure. Nikasimama kuchukua faili, nikalipiga kabati teke langu la kawaida, chini kushoto. Akaruka kana kwamba nimempiga yeye.

"Mama! Unalifanyia nini?"

"Halifunguki bila hivyo."

"Linafunguka. Bawaba imeinama tu." Na bisibisi ilishatoka mfukoni. Nilimwambia aache, nilisema kweli mara mbili aache, lakini ni sawa na kumwambia mvutaji asinuse moshi. Alilaza mlango, akanyoosha, akakaza, akapaka grisi aliyoitoa kwenye kikopo cha dawa ya viatu. Katikati ya shughuli hiyo akapita karani wa masjala, mwanamke mwenye macho ya mbele na ya nyuma, akasimama mlangoni akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Eh, Mama! Umepata fundi wako siku hizi?"

"Ni mzazi wa mwombaji."

"Aa, mzazi," akasema, akalivuta neno mpaka likawa refu kama kamba. "Hongera." Akaenda zake, na nilijua kabisa anakwenda wapi na kwa nani.

Saa nane na dakika ishirini binti alinipa karatasi mbili. Nikagonga muhuri wa kupokelewa, nikawaaga. Fundi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mungu akubariki, mama, nilishakuwa marehemu mimi." Wakacheka wote wawili wakiteremka ngazi, nami nikacheka peke yangu ofisini.

Nikaketi nikasoma.

"Baba yangu ni fundi wa mafriji," aliandika. "Tangu nikiwa darasa la nne namshikia tochi. Kwanza nilikuwa nashika vibaya, nikimulika uso wake badala ya nati, akawa ananiambia, mulika ninapoangalia, usiniangalie mimi. Siku moja tuliitwa zahanati. Friji ya chanjo ilikuwa imezima na muuguzi amejaza chanjo kwenye ndoo ya barafu, anatembea huku na huku. Baba alihangaika saa nzima. Mimi ndiye niliyeona kwamba panya wametafuna waya wa nyuma, kwa sababu ndiye niliyekuwa na tochi. Friji ikawaka. Muuguzi akafurahi, akatuomba tuangalie na mashine ya kulelea watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ilikuwa imezima mwezi mzima. Baba aliizunguka, akasema, hii mimi siigusi, sikusomea. Muuguzi akasema hata yeye kila anayemwita anasema hivyo hivyo. Tukaondoka tukaiacha. Nataka kuwa mtu anayeigusa."

Nilisoma tena. Nikainuka nikaenda dirishani, nikarudi nikasoma mara ya tatu. Jamani! Miaka kumi na tisa! Nilichukua penseli nikaandika pembeni: kumi na tisa.

Hapo ndipo ningetakiwa kuchukua kalamu ya wino na kwenda nyumbani.

Lakini mwenzenu nina kanuni nyingine, na kanuni hii ndiyo ninayojivunia kuliko hiyo ya marehemu. Miaka kadhaa nyuma mtoto wa dada yangu mkubwa aliomba chuo hapa. Kijana mzuri, maelezo yake mazuri, nikampa kumi na saba, na kwa Mungu alistahili. Wiki haikuisha, kwenye sanduku la maoni kukawa na karatasi isiyo na jina: "Mama Kiambatisho anagawa nafasi kwa ukoo wake." Niliitwa na Msajili. Nilihojiwa siku mbili. Mtoto wa dada akatolewa kwenye orodha "ili kulinda sura ya chuo," na dada yangu mpaka leo akinipigia simu anaongea na mume wangu. Nikaapa. Ninayemjua, niliyemwona uso, aliyekaa kwenye kiti changu, simpi zaidi ya kumi na tatu. Nani tena ataweza kuninyooshea kidole? Mume wangu hunicheka. "Wewe," husema, "siku nikifa utanipa kumi na tatu hata mimi." Namwambia akae kimya, kazi siyo yake.

Nikalitazama kabati. Nikalivuta kwa kidole kimoja, likafunguka laini, bila kelele, kama la benki. Nikaona wazi itakavyosomwa karatasi ya sanduku la maoni: mzazi anatengeneza kabati mchana, mtoto anapata kumi na tisa jioni. Karani wa masjala asingehitaji hata kutia chumvi.

Nikafuta kumi na tisa kwa raba. Nikaandika kumi na tatu kwa wino, nikatia saini, nikahisi nimeshinda jaribu kubwa. Nilijisifu njia nzima. Nilijiambia kozi ina nafasi arobaini, matokeo yake si mabaya, na msomaji wa pili yupo, atamwinua. Msomaji wa pili ni mhadhiri kijana tunayemwita Daktari Machozi, kwa sababu kila marehemu wa steshenari anamliza upya, na akilia anatoa kumi na nane. Huyu binti alimpa kumi na saba. Nilikuja kuona baadaye, na pembeni aliandika: "Nimecheka, kisha nimenyamaza."

Orodha ilitoka Jumatatu saa nne. Arobaini waliopita, wa mwisho akiwa na alama sabini na tatu. Binti wa fundi alikuwa na sabini na mbili.

Nilihesabu upya, eti labda nimekosea. Matokeo ya mtihani arobaini na mbili kwa sitini, Daktari kumi na saba, mimi kumi na tatu. Sabini na mbili. Kwa ile kumi na tisa ya penseli angekuwa na sabini na nane, katikati ya orodha kabisa. Nikavuta faili la huyo wa arobaini. Asubuhi ya mvua kubwa, mikononi mwangu. Pembeni, kwa wino wangu mwenyewe, kumi na tano. Sikujua kama baba yake amekufa kweli au anauza vitunguu sokoni. Sikuwa nimeisoma.

Nikaenda kwa Msajili. Msajili wetu ni mtu mpole, meza yake haina karatasi hata moja, na anapenda neno "utaratibu" kama watoto wanavyopenda peremende.

"Nataka kurekebisha alama yangu moja," nikamwambia.

"Ulikosea kujumlisha?"

"Sikukosea kujumlisha. Nilimpa kidogo kuliko alivyostahili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimfahamu."

Akanitazama. "Watu humwongezea wanayemfahamu."

"Ndiyo maana."

Akacheka kidogo, akaacha alipoona sicheki. "Sawa. Utaratibu upo. Andika maelezo, eleza unavyosahihisha, nani unampa ngapi na kwa sababu gani. Kamati itayapitia yako yote ya mwaka huu. Yote, siyo moja. Orodha itasimama mpaka watakapomaliza."

Yote. Yaani kumi na tano zote, na nyuma yake miaka mingine ya kumi na tano nisizosoma. Orodha nzima inafutwa, watoto mia tatu wa kozi zote ambao muda huo walikuwa wanakumbatiana chini ya dirisha langu, na mimi nje ya geti bila kiinua mgongo, miaka sita kabla ya kustaafu.

"Na orodha ya akiba?"

"Akiba tuliifuta. Ilikuwa inaleta maneno." Akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika hata hapa hapa."

Nilishika kalamu ile. Niliishika muda mrefu. Nimewahi kumwambia mtoto wa watu andika ukweli, una saa tatu, na akaandika. Mimi nilikuwa na siku nzima, na kiti kizima, na sikuandika kitu. Nikasema, "Ngoja nifikirie kwanza," Msajili akasema, "Fikiria, fikiria," kwa sauti ya mtu ambaye anajua hutarudi. Niliona aibu kiasi kwamba nilipitia ngazi za nyuma.

Kuna wanaosubiri wasome ubaoni, lakini huyu sikutaka asome ubaoni. Hilo angalau. Nikapiga simu.

"Mama wa chuo!" Fundi alikuwa anacheka kabla sijasema neno. "Nilisema leo lazima utapiga. Ngoja nitoke nje, hapa pana kelele."

"Baba, hakupita."

Nikasikia hatua zake zikisimama.

"Amekosa kwa kiasi gani?"

"Alama moja."

"Moja." Akavuta pumzi. "Nani aliyempunguzia?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kamati. Ushindani. Mwaka huu waombaji walikuwa wengi mno. Nimeyatoa majibu hayo miaka kumi na tisa, yanatoka yenyewe.

"Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema tu, "Basi mwambie mwenyewe," na nikamsikia anaita, kisha simu ikabadilisha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia. Nilimwambia vyote, alama, kabati, karani, kanuni yangu, hata mtoto wa dada. Maneno yalinitoka hovyo hovyo, mimi ninayewakata watu kauli wakizidisha sentensi mbili. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maelezo yangu yalikuwa mabaya?"

"Yalikuwa mazuri kuliko yote niliyosoma. Niliyapa kumi na tisa, nikafuta. Nilikupenda, nikaogopa watu watasema."

Nikasikia akisogea mbali kidogo na kelele.

"Na yale ya mchapaji," akauliza, "yale baba amekufa. Kama usingetuita, ungenipa ngapi?"

Nilitamani kudanganya kuliko nilivyowahi kutamani chochote.

"Kumi na tano," nikasema.

Akajumlisha, na hizo mbili zaidi ya nilizompa. Nilimsikia anajumlisha, kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Alipofika mwisho hakusema alipata ngapi. Alisema, "Haya, mama. Asante kwa kunipigia." Nawaapia, alinishukuru, kwa adabu zote, kisha nikamsikia akimwambia baba yake, "Chukua tochi, baba, tuondoke, watu wa ile friji wanatungoja."